Aliyeinama Juu ya Ubao

Nilipokuwa mtoto Kasulu, mama yangu alinipiga kofi la begani kwa sababu nilimsalimia bibi wa jirani nikiwa nimesimama wima. Shikamoo niliitoa, tena kwa sauti, lakini magoti sikuyakunja. Kwetu tulikuwa watu wa duka. Babu mzaa baba alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, akaoa hapahapa, na sisi wajukuu tukabaki katikati. Kiha chetu kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei na kuuliza kama mtoto amepona. Salamu za Waha zilinishinda. Mtu anakunja magoti, anakutanisha viganja, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe, na anayesalimiwa anajibu moja moja bila kuharakisha. Mimi ni mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Nilimjibu mama kwamba shikamoo inatosha, na kwamba magoti yananiuma. Nilikuwa msichana wa miaka tisa.

Naanza na kofi hilo kwa sababu lilinirudia ukubwani, na safari hii nilistahili mawili.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Watu wa Kibondo wananiita daktari wa viungo, wengine daktari wa mazoezi, na mzee mmoja aliyevunjika nyonga ananiita daktari wa mateso. Jumatatu alfajiri napanda basi kutoka Kasulu, Ijumaa jioni narudi nyumbani. Kituo chetu ni kidogo na jina lake nitaliacha. Wagonjwa wangu wengi ni wa kiuno, magoti na kiharusi, lakini wanaonivuta zaidi ni wale ambao uti wa mgongo umepinda kwenda ubavuni. Sisemi kibiongo, ambacho kila mtu anakiona kwa mbali. Huu ni mpindo wa kwenda kando na kurudi, kama kijia kinachokwepa kisiki. Bega moja linapanda juu, nyonga moja inatokeza, na gauni halikai sawa hata siku moja. Wengi ni wasichana, na mara nyingi wa kwanza kugundua ni fundi cherehani. Anapima sketi ya shule, anaona upande mmoja unataka kitambaa zaidi, anapima tena, halafu anamwita mama mtu pembeni.

Mwanzoni niliwapima kwa timazi. Niliinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji akaniuliza najenga wapi, nikamwambia najenga migongo. Akacheka mpaka akasahau kunipa risiti. Unaushika uzi kwenye mfupa unaojitokeza chini ya shingo, unaacha kile chuma kining'inie, kisha unatazama uzi unapita wapi huku chini, kwenye mstari wa makalio. Kwa aliyenyooka unapita katikati. Kwa mwingine unapita kando vidole viwili au vitatu. Mwili uliopinda hutafuta namna yake ya kusimama: ukienda kushoto huku juu, unarudi kulia huku chini, ili kichwa kibaki juu ya miguu. Wapo waliokwisha kuipata namna hiyo, wanaishi nayo bila shida. Wapo ambao miili yao bado inahangaika. Kazi yangu ni kujua nani ni nani.

Halafu tukapata ubao. Wageni fulani waliokuwa wakifanya utafiti walituachia ubao wa kupimia mizani ya mwili pamoja na kompyuta yake. Unasimama juu yake bila viatu, na kwenye skrini linatokea doa dogo linaloonyesha uzito wako umeegemea wapi. Hakuna binadamu anayetulia kabisa. Hata ukidhani umesimama kimya, doa linatembeatembea na kuacha alama nyuma yake, kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Aliyetulia, mchoro wake hauzidi ukubwa wa punje ya hindi. Asiyetulia, mchoro unatambaa. Tunapima nusu dakika macho yakiwa wazi na nusu dakika yakiwa yamefumbwa, siku tatu, saa ileile. Hiyo ya saa ileile ilikuwa sheria yangu mwenyewe, na niliisimamia kwa ukali. Niliupenda ule ubao kupita kiasi, nakiri. Timazi niliitupia kwenye droo.

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha alipokuja binti mmoja wa Kumsenga na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, bega la kulia juu, amevaa blauzi iliyokatwa na fundi anayeijua kazi yake. Mkononi alikuwa na bahasha. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya afya iliyotakiwa kufika chuoni Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mganga mfawidhi wetu alikuwa ameuona mgongo wake na kusema hatatia saini mpaka mimi nipime. Muuguzi husimama zamu nzima, alisema, na hunyanyua watu wazima kutoka kitandani. Sikuwa na la kubisha.

"Daktari, huyu mtoto hachoki," mama yake aliniambia. "Maji anabeba, kuni anabeba, jembe analishika. Wewe mwandikie tu."

Kauli hiyo ya kuandika tu ndiyo huniudhi kuliko zote. "Mama, mimi siandiki tu," nikamjibu. "Mimi napima."

Nilimpima kwa timazi kwanza, ili mama aone kwamba nina subira. Uzi ulipita kando kidole kimoja na nusu, si vibaya hata kidogo. Kisha nikampandisha kwenye ubao saa tatu na nusu kamili. Nikampa maelekezo ninayompa kila mtu: usiongee, usigeuke, tazama ule msumari ukutani. Msumari wenyewe uko karibu na dirisha. Mimi nikakaa mezani, macho kwenye skrini.

Doa lilianza vizuri sana. Lilikaa, likacheza kidogo, likatulia. Ghafla likachomoka kwenda mbele, likakaa huko kitambo, likarudi. Nikakunja uso. Kisha nikamwambia afumbe macho, na hapo alisimama kimya kuliko watu wote niliowapima mwezi ule. Kwa kawaida inakuwa kinyume. Mtu akifumba macho ndipo anapoyumba, kwa sababu macho husaidia miguu. Niliandika alama ya kuuliza, nikawaambia warudi kesho.

Walikuwa wamefikia kwa ndugu hapo mjini. Wakarudi kesho yake, na keshokutwa, saa tatu na nusu bila kuchelewa. Siku ya pili doa lilichomoka vilevile. Siku ya tatu vilevile. Macho yakifumbwa, kimya. Nilikaa na ile michoro mitatu mbele yangu na badala ya kusema sijui, nikajitungia maelezo: kwamba macho ya binti huyu hayaelewani na uti wake. Nilipoyasema moyoni yalinoga. Nikaandika kwenye nafasi yangu ya ile fomu kwamba mwombaji hatulii akiwa amesimama, na kwamba sishauri kazi ya kusimama muda mrefu.

Niliwaeleza wote wawili. Mama aliniangalia, akaiangalia kompyuta, kisha akasema, "Haya, tumeshukuru." Binti aliuliza swali moja tu.

"Daktari, kilichoharibu ni mgongo au ni magoti?"

"Mwili ni kitu kimoja," nikamjibu, kama mtu anayesoma kitabu. "Huwezi kutenganisha."

Alipofika mlangoni aligeuka, akakunja magoti, akakutanisha viganja na kuniaga kwa adabu zote, chini zaidi kuliko mama yake. Mimi nilikuwa nafunga kompyuta. Nilisema "haya, haya" bila kuinua kichwa. Fomu niliipeleka kwenye trei ya mganga mfawidhi, ambaye alikuwa Kigoma mjini kwenye kikao mpaka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Akirudi angetia saini na muhuri, na Ijumaa fomu ingepelekwa chuoni, na mambo yangeishia hapo.

Jumatano, siku moja kabla ya mganga kurudi, nilikuwa nakunywa chai na bibi anayefanya usafi kituoni kwetu. Ni mtu mzima wa makamo ya mama yangu, na pamoja na usafi ndiye anayepeleka chupa ya chai kwa wauguzi wa wodini kila asubuhi. Njia yake ni nje ya dirisha langu.

"Yule mtoto wa Kumsenga amemaliza vipimo?" akaniuliza.

"Amemaliza, bibi."

"Yule amelelewa. Siku zote tatu nikipita na chai ananisalimu. Hasemi neno, najua ulishamkataza, lakini magoti anakunja na viganja anakutanisha. Hawa wengine wananipita kama ndoo."

Nikaweka kikombe chini. "Alikunja magoti akiwa juu ya ubao?"

"Sasa angeshuka?"

"Na alipofumba macho?"

"Nilikuwa narudi. Nikaona amefumba macho, nikasema moyoni huyu anasali. Nikapita polepole nisimkatishe."

Niliona aibu, na naomba niiseme kama ilivyokuwa. Siku tatu binadamu aliinama hatua tatu kutoka mezani kwangu, na mimi sikumwona kwa sababu nilikuwa namtazama kwenye skrini. Na ile saa tatu na nusu niliyoing'ang'ania ndiyo saa ya chai. Laiti ningekuwa mzembe kidogo nikachelewa hata siku moja, ningejua.

Nikafungua ile michoro tena. Safari hii niliitazama nikijua ni nini. Doa linaenda mbele: anakunja magoti. Linakaa: bibi anapita. Linarudi: anainuka. Na lilikorudi ndiko nilikoshindwa kuondoa macho. Siku ya kwanza lilirudi palepale lilipotoka. Siku ya pili palepale. Siku ya tatu, punje juu ya punje. Mtu mwenye uti uliopinda, aliyekatazwa kugeuka na kusema, alishuka na kupanda juu ya ubao mwembamba na kurudi mahali pake bila kukosea hata mara moja. Mimi niliyaita hayo kutotulia.

Mimi siamini kitu mpaka nikipime, hata aibu. Nikamwomba bibi atoke nje apite dirishani na chupa yake. Nikavua viatu, nikapanda ubaoni. Alipopita nikakunja magoti na kukutanisha viganja kama ninavyoona wenzangu wakifanya. Nikashuka kwenda kuangalia. Doa langu lilienda mbele, likapepesuka, likarudi mahali pengine kabisa. Nikarudia. Likaenda upande wa pili. Na huu mgongo wangu timazi inaupita katikati.

Bibi alikuwa ameweka chupa kwenye kizingiti cha dirisha, ananitazama. "Mwanangu," akasema, "wewe unainama kama mtu anayetafuta sindano."

Niliitoa fomu kwenye trei kabla mtu hajaiona, nikafuta nilichoandika, nikaandika chini yake maelezo marefu: kwamba akisimama ametulia, kwamba alikunja magoti mara tatu kwa siku tatu na kila mara akarudi mahali pake, na kwamba kosa la kwanza lilikuwa la mpimaji. Mganga mfawidhi aliporudi Alhamisi asubuhi aliisoma mara mbili.

"Kosa lako unaliandika kwenye fomu ya mtoto wa watu?" akaniuliza. "Chukua fomu safi. Andika ya kwake. Hilo kosa lako kaa nalo mwenyewe."

Alinisema sawa. Nikachapa fomu nyingine, nikaandika mistari miwili, akatia saini na muhuri. Simu ya mama wa binti haikupatikana kutwa nzima, kwa hiyo baada ya saa saba nikapanda bodaboda mwenyewe kwenda Kumsenga, bahasha ndani ya koti, ili kesho yake binti aipeleke chuoni mwenyewe. Dereva alitaka kunipigisha soga, nikamwambia nina mawazo. Nilikuwa na hofu, kusema kweli. Kumwambia mgonjwa habari mbaya nimezoea. Kumwambia kwamba ile habari mbaya niliitengeneza mwenyewe sikuwa nimewahi.

Niliwakuta uani kwao wanapukuchua mahindi, mama na binti, magunzi yamejaa kando. Mama akataka kuinuka aniletee kiti, nikamzuia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kueleza yote, tangu chupa ya chai mpaka nilivyopepesuka mimi. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua. Binti alikuwa ameinamisha uso.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulisema nisiongee."

"Nilipomaliza kupima, je?"

Mama akamgusa goti na gunzi. "Mjibu daktari."

"Siku ya pili, nilipokuwa nashuka, niliona kwenye kompyuta," binti akasema. "Niliona ile kamba ya doa inatoka pale ninapomsalimia bibi. Nikajua magoti ndiyo yanayoharibu. Ndiyo maana nilikuuliza."

Nilikumbuka swali lake, na jibu langu la kitabuni, nikatamani nisingekuja. "Kama ulijua," nikasema, "siku ya tatu uliinama tena kwa nini?"

Safari hii aliniangalia usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mtu mwingine asipokunja magoti wanasema ana kiburi," akasema. "Mimi nisipokunja hawasemi nina kiburi. Wanasema hawezi yule, ana mgongo. Tangu darasa la nne. Kwa hiyo mimi nainama, daktari. Nainama kuliko wote."

"Hata kama ungekosa chuo?"

"Yule bibi habari za chuo hakuzijua. Alikuwa anapita tu na chai."

Nilitoa bahasha, nikampa. Alijifuta vumbi la mahindi kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili, akaitoa fomu na kusoma ile mistari yangu kwa sauti ndogo ili mama yake asikie. Imeandikwa kwamba mwombaji anasimama vizuri na anaweza kazi ya uuguzi. Aliirudia mara ya pili. Mama akaacha kupukuchua. Aliweka viganja usoni, akakaa hivyo, mabega yanatikisika, na binti akamwekea mkono mgongoni. Mimi niliangalia magunzi.

Wakati wa kuondoka ukafika, maana dereva wa bodaboda alikuwa ameanza kupiga honi barabarani. Nilisimama mbele ya yule mama. Alikuwa amenizidi umri, na katika siku zote alizokuja kituoni hakuna hata siku moja niliyomsalimia zaidi ya mdomo. Nikamfikiria mama yangu na kofi lake.

"Mwidiwe," nikamsalimia kwa Kiha, na nikakunja magoti, nikakutanisha viganja, nikapiga makofi, taratibu, kama inavyotakiwa.

Kushuka nilishuka. Wakati wa kuinuka goti la kushoto likalia, mguu ukateleza kwenye punje za mahindi, nami nikaanza kwenda upande kama gunia lisilofungwa vizuri. Sikufika chini. Mkono mmoja ulinishika kiwiko, mwingine ukanikamata kiunoni, na uzito wangu wote ukaegemea mwili wa binti yule, nao haukuyumba.

"Taratibu, mama," akaniambia sikioni. "Usiharakishe magoti. Vuta pumzi kwanza."

Nikavuta pumzi. Alinishikilia hivyo mpaka nilipopata miguu yangu, akahakikisha nimesimama, ndipo akaniachia.